Chuma kinapungua kwenye ripoti ya oili, lakini gia boksi inanguruma: tuamini kipi?

FundiWaZamu aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada wa kusoma ripoti za oili ambazo zimenichanganya, na ninaomba mnijibu kwa kina, kwa sababu ninatakiwa kuamua kama mtambo usimame au uendelee na kazi.

Mtambo wenyewe ni gia boksi inayoendesha mkanda wa kubebea mzigo. Ina shafti nne na hatua tatu za kupunguza mwendo, beringi zake zote ni za rola, na inachukua lita 210 za oili ya gia yenye mnato wa 320. Kuna pampu ndogo inayoizungusha oili hiyo, ikaipitisha kwenye chujio na kuirudisha ndani. Kila baada ya saa 500 za kazi tunachota sampuli na kuipeleka maabara. Sampuli tano za mwisho zilionyesha chuma kwa mpangilio huu, katika sehemu kwa milioni: 31, 36, 44, 41, 33. Shaba ilikaa kwenye 4 kwa muda mrefu na sasa ni 6. Silikoni, ambayo ni dalili ya vumbi, imetoka 9 hadi 11, na kromi haijawahi kuzidi 1. Katika ripoti ya mwisho maabara imeandika kwamba uchakavu ni wa kawaida na kwamba chuma kinashuka.

Kinachonitia wasiwasi ni safu nyingine ya ripoti hiyohiyo, ambayo haikuandikiwa maoni yoyote, yaani kielezo cha PQ, ambacho hupima kwa sumaku wingi wa chuma ndani ya oili. Chenyewe kimekwenda 18, 22, 35, 96, 160. Vilevile kwa wiki mbili sasa tunasikia mngurumo mzito mzigo unapojaa, ingawa mwenzetu anayepima mtetemo anasema umepanda kidogo tu.

Huenda haya nayo yana maana: kati ya sampuli ya nne na ya tano tuliongeza lita 15 za oili mpya kwa sababu sili moja ilikuwa inavuja, na katika siku hizohizo tuliondoa chujio la maikromita 25 tukaweka la maikromita 10. Sampuli tunachota kwenye plagi ya kumwagia oili, mtambo ukiwa umeshasimama, kwa kuwa hapana mahali pengine pa kuchotea.

Maswali yangu ni haya. Inawezekanaje chuma kishuke huku kipimo cha sumaku kikipanda? Je, tubadilishe oili? Na je, kuna haja ya kuifungua gia boksi?

Mpima_Oili alijibu:

Ndugu FundiWaZamu, namba zako hazigombani. Ni vipimo viwili vinavyotazama ukubwa tofauti wa chembe, na ukishalielewa hilo ripoti yako itaanza kusomeka.

Ile namba ya chuma imetoka kwenye spektromita. Katika spektromita ya aina inayotumika sana kwa oili zilizokwisha kufanya kazi, gurudumu dogo la grafiti huzunguka likiwa limechovywa kwenye oili, na cheche ya umeme hupigwa kati ya gurudumu hilo na ncha ya fimbo ya grafiti iliyo juu yake. Kilichomo ndani ya oili huungua, kila elementi hutoa mwanga wa mawimbi yake yenyewe, na mashine hupima ukali wa mwanga huo. Shida ni kwamba chembe inapaswa kuungua yote ndipo ihesabiwe yote. Chembe za maikromita chache huungua vizuri. Zinapokaribia maikromita 10 huungua kwa sehemu tu, na zile za maikromita 30 au 50 ni kana kwamba hazimo kabisa kwenye chupa. Spektromita za plazima, ambazo huinyunyizia oili katika mwako kama ukungu, upeo wake ni mdogo zaidi hata ya hapo.

Kielezo cha PQ hakichomi chochote. Sampuli huwekwa juu ya koili, chuma kilichomo huvuruga uga wa sumaku wa koili hiyo, na kifaa husoma kiasi cha mvurugiko. Hakijali kama chuma hicho ni unga au ni vipande, wala matokeo yake hayana kizio. Kwa hiyo PQ inapopanda kwa kasi huku chuma cha spektromita kikitulia, tafsiri ya kwanza ya kufikiria ni kwamba chuma kinachotoka sasa kinatoka kwa vipande vikubwa.

Nilisema ya kwanza, kwa sababu mambo mawili uliyoyataja lazima yahesabiwe. Lita 15 kati ya 210 ni kama asilimia 7. Ukiipunguza 41 kwa asilimia 7 unapata takriban 38, ambayo bado haijafika 33. Kilichobaki ninakipa chujio jipya, kwa kuwa la maikromita 10 hukamata sehemu ya chembe ambazo la 25 lilikuwa likiziacha zizunguke. Kwa hiyo kushuka kwa chuma katika ripoti yako hakuthibitishi kwamba vyuma vimeacha kulika. Kunaonyesha kwamba oili imezimuliwa na kuchujwa vizuri zaidi. Tofauti ya 44 na 41 isikushughulishe, hiyo ni ndogo mno kujengea hoja. Lakini angalia jambo hili: oili hiyohiyo iliyozimuliwa na kuchujwa ndiyo iliyotoa PQ ya 160 badala ya 96. Hapo ndipo ninapoona sababu ya kushtuka.

Niongeze neno la kihistoria, kwa sababu linaeleza kwa nini watu wengi huiamini spektromita kupita kiasi. Kazi hii ilipata nguvu katika miaka ya 1940, reli za Marekani zilipoanza kuchunguza oili za injini za treni za dizeli. Katika injini, silinda na ringi za pistoni hulika kwa kusuguana, na msuguano wa namna hiyo hutoa chembe laini ambazo spektromita inaziona vyema. Gia na beringi za rola hufa kwa njia nyingine. Chuma huchoka chini ya uso kwa kubanwa mara mamilioni, ufa hutambaa ndani kwa ndani, kisha kipande hubanduka. Kipande hicho huzaliwa kikiwa kikubwa, hakipitii hatua ya unga.

Mwanagereji alijibu:

Ushauri wangu ni mfupi. Kama PQ imefika 160, mwageni oili yote leo, osheni ndani, wekeni mpya, kisha mtazame kama mngurumo utaendelea. Oili yenye vipande vya chuma ni sumu kwa beringi nyingine ambazo bado ni nzima, na kila saa inayopita mnazidi kuziharibu.

MzeeWaBeringi alijibu:

Kijana wangu Mwanagereji, ulichosema kuhusu vipande kuharibu beringi nzima ni kweli, lakini oili hiyo msiimwage bado. Ndani yake ndimo ulipo ushahidi wote walio nao. Wakiimwaga leo, sampuli ijayo itatoka safi kama maji, kila mtu atafurahi, na beringi itaendelea kubanduka bila shahidi. Chujio la maikromita 10 lipo na linafanya kazi ya kuwalinda kwa siku chache zinazohitajika.

Mimi nina hofu na jambo jingine, ndugu FundiWaZamu, nalo ni mahali mnapochotea. Chini kabisa ya gia boksi, kwenye plagi ya kumwagia, ndipo takataka za miaka yote zinapolala. Kasi ya chembe kuzama katika oili hukua kwa mraba wa kipenyo chake, maana yake chembe ya maikromita 50 huzama mara 100 kwa kasi kuliko ya maikromita 5. Mtambo ukishasimama, vipande vikubwa huanza kushuka mara moja na vidogo hubaki vikielea. Ukichota pale chini baada ya robo saa utapata namba moja, na ukichota baada ya saa mbili utapata nyingine, hali gia boksi ni ileile. Kipimo cha PQ, ambacho huhesabu hata vipande vikubwa, ndicho kinachopotoshwa zaidi na tabia hii.

Ninasema kwa uchungu, kwa sababu yalinikuta. Tuliwahi kuifungua gia boksi kubwa kwa ajili ya sampuli moja iliyochotwa kwenye plagi ya chini. Tulikuta meno yanang'aa, beringi nzima, na vidole viwili vya tope jeusi kwenye sakafu ya gia boksi, tope ambalo lilikuwapo tangu mtambo ulipofungwa. Tulipoteza siku nne, na tulipofunga tena tuliharibu sili iliyokuwa nzima.

Kabla ya lolote, pateni sampuli moja ya kuaminika. Kwa kuwa pampu ya kuzungusha oili ipo, sehemu nzuri ni kwenye bomba kati ya pampu na chujio, yaani kabla oili haijachujwa. Ukichota baada ya chujio utakuwa unapima uzuri wa chujio. Wekeni valvu ndogo hapo, kwenye kona au mahali oili inapokwenda kwa misukosuko, wala si chini ya bomba lililolala. Choteni mtambo ukiwa unafanya kazi chini ya mzigo, ukiwa umeshika joto lake la kawaida. Futeni mdomo wa valvu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, fungueni, na mwageni kwanza oili iliyolala kwenye kibomba, angalau mara tano ya ujazo wake, kisha bila kuifunga wala kuigusa valvu pitisheni chupa chini ya mkondo. Chupa isijae, robo ya juu ibaki tupu ili maabara waweze kuitikisa kwa nguvu kabla ya kupima, kwa sababu vipande vitakuwa vimelala chini ya chupa kufikia siku hiyo.

Ikiwa PQ ya sampuli hiyo itarudi karibu na 30, basi mlikuwa mnapima tope. Ikiwa itabaki juu ya 100, chuma kinabanduka kweli na kinazunguka ndani ya oili.

Kioo_na_Sumaku alijibu:

Shikamoo Mzee. Ninaunga mkono kila neno kuhusu sampuli. Ninapenda kuongeza kwamba hata PQ ikithibitishwa, bado itakuwa namba tupu. Itawaambia kuna chuma kingi, haitawaambia kimetoka kwa njia gani. Kwa hilo ni lazima mtu azitazame chembe zenyewe kwa hadubini, na mahali pa kuanzia mnapo tayari, nalo ni chujio mlilonalo.

Lile chujio la maikromita 10 limekusanya karibu kila kipande kilichopita tangu lifungwe. Litoeni mweke jipya, kisha mlifungue. Msilikate kwa msumeno, kwa kuwa msumeno utamwaga unga wake wa chuma ndani na mtakuja kuushangaa baadaye; tumieni kikata bomba cha gurudumu. Kateni kipande cha karatasi ya chujio cha ukubwa wa kiganja, kisukutueni ndani ya chombo safi chenye mafuta ya taa yaliyochujwa, kisha ingizeni sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Mkiitoa sumaku kwenye mfuko, chuma kitabaki kwenye plastiki na mtaweza kukimwaga juu ya karatasi nyeupe. Hata lenzi ya mkononi itawaonyesha kama ni unga mweusi au ni magamba yanayometa.

Sampuli ya oili ombeni ifanyiwe ferografia. Njia hii ilibuniwa na Vernon Westcott huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Oili iliyozimuliwa kwa kiyeyushi hutiririshwa polepole juu ya kioo kilichoinamishwa kidogo juu ya sumaku kali. Chembe kubwa za chuma hunaswa mara tu oili inapoingia, ndogo husafiri mbele zaidi, na zote hujipanga mistari mistari kufuata uga wa sumaku. Shaba na takataka nyingine hukaa ovyo bila kufuata mistari, na hiyo peke yake tayari ni habari. Kisha kioo huoshwa na kuwekwa chini ya hadubini yenye mwanga mwekundu kutoka juu na wa kijani kutoka chini: kilicho cha metali hurudisha wekundu, kinachopitisha mwanga huonekana kijani.

Kinachosomwa hapo ni umbo. Uchakavu wa kawaida ni magamba madogo laini, kwa kawaida chini ya maikromita 15, na kila mtambo mzima huyatoa. Nyuzi zilizojikunja mithili ya vumbi la mashine ya kukerezea zinaonyesha kwamba kitu kigumu kinachonga chuma, ama mchanga uliopenya au ukingo wa kipuri uliokaa vibaya. Vipande virefu vyenye mikwaruzo sambamba juu ya uso wake huzungumzia msuguano mkali, meno ya gia yakigusana bila utando wa oili kati yake. Beringi za rola zina alama zake zenyewe: magamba mapana membamba sana, yenye vitundu, kwa sababu yamepitiwa na rola na kulazwa kama unga wa chapati, na pengine vijiduara vidogo vya maikromita 1 hadi 5 ambavyo huzaliwa ndani ya nyufa za uchovu. Vijiduara hivyo visomwe kwa uangalifu, kwa kuwa kulehemu nako hutoa viduara, ila vya kulehemu huwa vikubwa zaidi. Kipande cha uchovu kutoka kwenye jino la gia kwa kawaida huwa kinene zaidi kulingana na upana wake, na kingo zake huwa zimevunjika ovyo.

Maabara inaweza pia kukipasha kioo joto hadi nyuzi 330 za Selsiasi. Vyuma vya pua (yaani feleji, si vile visivyoshika kutu) vyenye mchanganyiko mdogo hugeuka bluu, chuma cha kutupwa hugeuka rangi ya majani makavu. Kwenu kipimo hiki kitasaidia kutenganisha ganda la gia boksi na vilivyomo ndani, lakini msitegemee kitenganishe gia na beringi, maana zote mbili kwa kawaida zitageuka bluu.

Mwisho, kromi ya 1 isiwatulize. Chuma cha beringi kinachotumika sana kina kromi ya asilimia 1.5 hivi. Hata kama chuma chote cha sehemu 33 kingekuwa kimetoka kwenye beringi, kromi yake isingefika hata nusu ya sehemu moja.

FundiWaZamu alijibu:

Shikamoo Mzee, na ninawashukuru nyote. Tumefanya mliyosema, na sasa ninaleta matokeo.

Tulifunga valvu ndogo kati ya pampu na chujio, tukachota mtambo ukiwa na mzigo kamili. Chuma kimetoka 35, shaba 6, PQ 121. Kwa hiyo sehemu ya ile 160 ilikuwa tope, kama Mzee alivyohofia, lakini si yote.

Chujio tulilikata kwa kikata bomba. Kabla hata ya kuweka sumaku, mikunjo ya karatasi ilikuwa inameta ilipoelekezwa juani. Kwenye mfuko wa plastiki tulipata magamba mengi, makubwa kati yake yakionekana kwa macho, bapa, yanayong'aa upande mmoja na yenye weusi hafifu upande wa pili. Kulikuwa pia na vipande vichache vya njano ambavyo sumaku haikuvishika.

Ripoti ya ferografia inataja magamba membamba ya maikromita 30 hadi 70, mengi yakiwa na vitundu, viduara vichache vidogo, na vipande vya aloi ya shaba. Nyuzi za kuchongwa hazipo. Kiwango cha usafi kwa ISO 4406 kimetoka 21/19/16. Hicho cha mwisho sikijui namna ya kukihusisha na hayo mengine.

Mpima_Oili alijibu:

Nianze na hilo la ISO 4406 kwa sababu ni jepesi. Namba tatu hizo zinahesabu chembe katika mililita moja zinazozidi maikromita 4, 6 na 14, na kila namba ikipanda kwa moja idadi huongezeka mara mbili. 21 ni kati ya chembe 10,000 na 20,000, 19 ni kati ya 2,500 na 5,000, 16 ni kati ya 320 na 640. Kipimo hiki kinahesabu kila kitu, iwe chuma, iwe vumbi, na kifaa cha mwanga kinaweza kuhesabu hata matone ya maji na viputo vya hewa. Kitumieni kuilinda oili isichafuke. Kwa swali lenu la leo hakiongezi kitu.

Hayo mengine yanaelekea upande mmoja. Magamba membamba yenye vitundu pamoja na viduara vidogo ni beringi ya rola iliyoanza kubanduka. Nyuzi hazipo na silikoni imesogea kidogo tu, kwa hiyo vumbi silo chanzo. Vipande vya njano ndivyo vinavyoniharakisha. Keji za beringi nyingi kubwa, yaani fremu zinazozitenganisha rola, hutengenezwa kwa shaba njano, na rola zikishaanza kupita juu ya mashimo huyumba na kuisukuma keji. Hapo shaba ya 4 kwenda 6, ambayo peke yake nisingeijali, inapata maana.

Pangeni kuifungua. Mpaka siku hiyo punguzeni mzigo kadiri mnavyoweza na choteni sampuli kila baada ya saa 50. Tafadhali msichore mstari kwenye karatasi mkakadiria siku ya kufa kwa beringi, kwa sababu kubanduka hakuendi kwa mwendo sawa: ukingo wa shimo moja ndio unaovunjika kufungua shimo linalofuata.

Mtetemo alijibu:

Ninachangia upande wangu tu. Kipimo cha kawaida cha kasi ya mtetemo huwa hakihisi vizuri hitilafu za mwanzo za beringi kwenye shafti zinazozunguka polepole, na ndiyo maana mwenzenu aliona ongezeko dogo. Mwambieni apime mchapuko katika masafa ya juu na achambue bahasha ya mawimbi yake, yaani mstari unaofuata vilele vya mawimbi hayo, kisha alinganishe vilele atakavyovipata na idadi ya mapigo ya kila beringi kwa kila mzunguko wa shafti yake. Oili imewaambia kwamba ni beringi. Njia hii inaweza kuwaambia ni ipi kati ya hizo nane, nanyi mtaagiza kipuri sahihi kabla ya kufungua.

FundiWaZamu alijibu:

Tumefungua jana. Uchambuzi wa bahasha ulielekeza kwenye njia ya ndani (ringi ya ndani ambayo rola hupita juu yake) ya beringi moja ya shafti ya tatu, na ndipo tulipoukuta ubovu. Kwenye njia hiyo ya ndani kuna shimo lenye upana wa ukucha wa kidole gumba, kingo zake zikiwa kali kiasi cha kukwaruza kidole, na mbele yake, kufuata mzunguko, vishimo vidogo vitatu ambavyo bado havijaungana. Rola mbili zina alama. Keji ya shaba imelika upande mmoja hadi kung'aa. Meno ya gia zote ni mazima, hayana hata doa. Chini ya gia boksi tulitoa tope ambalo lingejaza bakuli.

Beringi tumeibadilisha, ndani tumeosha, oili na chujio ni vipya. Maabara nimewaandikia nikiomba PQ iwekewe kikomo chake na iandikiwe maoni katika kila ripoti. Ninalo swali la mwisho: sasa nitajuaje kipimo cha kawaida cha gia boksi hii?

MzeeWaBeringi alijibu:

Hongereni sana, mmeiokoa shafti. Namba za zamani ziwekeni pembeni, kwa sababu mahali pa kuchotea pamebadilika, chujio limebadilika na beringi ni mpya. Choteni baada ya saa 50, kisha 200, kisha 500. Ya kwanza itakuwa na magamba madogo mengi ya beringi mpya inayojilaza mahali pake, pamoja na masalio ambayo kuosha hakukuyafikia, kwa hiyo msiishtukie na msiifanye kuwa kipimo cha msingi. Kuanzia ya tatu mnaweza kuanza kulinganisha. Na juu ya kila chupa andikeni saa za mtambo, saa za oili na lita mlizoongeza tangu sampuli iliyopita. Zile lita 15 ungekuwa umeziandika kwenye chupa, huenda maabara wasingesema kwamba chuma kinashuka.